Mrija wa Tharsisi wa Makere

Tharsisi wa Makere alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema, maana mengi yanayofuata yatamwonyesha kama mjinga, na mjinga hakuwa. Alikuwa anaogopa wezi tu. Mimi nimetembea nchi hii tangu ujana wangu nikiuza tumbaku ya kusokota, kutoka Kibondo mpaka Kasulu na ng'ambo ya mpaka, nimelala katika nyumba za watu wa kila namna, lakini sijapata kuona mtu aliyeficha pesa kama yeye.

Wengine huweka pesa chini ya godoro. Tharsisi aliwacheka watu wa godoro. Kazi yake ilikuwa asali. Aliinunua kwa warina wa mapori ya Kibondo, akaiuza Kasulu sokoni, na kila shilingi aliyopata aliitafutia pango lake. Kuna mwaka aliziweka pesa ndani ya mzinga wenye nyuki wakali kuliko wote, ili mwizi akija akione cha moto. Siku alipozihitaji, aliyekiona ni yeye. Alitoka pale jicho moja limefunga, na noti zimegandana na nta hata mwenye duka akamwuliza, "Sasa hii niipokee au niiwashe?" Mwaka mwingine alizifukia chini ya mgomba shambani kwa kaka yake, akaweka kichwani kwamba ni ule wenye mkungu mkubwa. Wiki hiyo hiyo shemeji yake akaukata mkungu. Tharsisi alichimba shamba zima. Kaka yake alimshukuru sana, maana lilikuwa linangoja jembe.

Basi mtu huyo akapenda. Ilikuwa mwaka wa sabini, kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki siku nyingi, na nyumba yake ilikuwa na harufu ya nta na upweke. Siku moja kwenye soko la Manyovu, pale mpakani, akakutana na mwanamke anayeuza mawese, jina lake Kezia. Tharsisi akampa asali aonje bure, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote. Kezia akaonja, akatazama juu kidogo, akasema, "Asali yako umeitia maji."

"Sijaitia!"

"Kidogo."

Tharsisi akafunga kibuyu chake. Halafu akanijia pale nilipotandika tumbaku yangu, akaniambia, "Ndugu yangu, nimempata mwanamke." Nikawa mshenga wake kuanzia siku hiyo, kwa kuwa nilijua njia na nilijua kusema.

Kwao Kezia kulikuwa ng'ambo, Burundi, mwendo wa asubuhi mpaka alasiri kupita kizuizi cha Manyovu. Baba yake aliitwa Nsabimana, mzee mnene wa kifua, aliyekuwa mpiga baragumu wa kilima chao. Akipuliza lile pembe lake, watu wa vilima vitatu waliacha majembe. Alitupokea vizuri. Alitaka ng'ombe mmoja tu, tena anunuliwe soko la kule kule, maana kumvusha ng'ombe mpakani kulihitaji vyeti vya bwana mifugo, na ng'ombe angezeeka akingoja vyeti.

Safari ya kwanza Tharsisi alikwenda na shilingi. Nisiseme uongo, hata mimi sikufikiri. Pesa ni pesa. Tulipofika mnadani, wenye ng'ombe walizichukua noti zetu, wakazigeuza mbele na nyuma, wakaonyeshana. "Picha nzuri," akasema mmoja, akaturudishia. Alipatikana mchuuzi mmoja aliyekubali kuzipokea, lakini kwa nusu ya thamani, tena kwa uso wa mtu anayetoa sadaka. Tukarudi kwa Nsabimana mikono mitupu.

Mzee akatuambia kwa upole, "Mkwe, mimi nakupenda. Lakini yuko mtu wa kilima cha pili naye anamtaka Kezia. Huyo ana ng'ombe tayari, amesimama kwa miguu minne, hahitaji kubadilishwa. Nakungoja mpaka mnada ujao. Njoo na faranga. Usipokuja nazo, nitapokea ng'ombe wa yule, na binti atakwenda."

Kezia alikuwa nyuma ya mlango. Tulimsikia akipumua.

Sasa, faranga utazipata wapi? Benki walikuwa nazo, lakini siku zile ilibidi uiombe serikali ruhusa, na uandike safari ni ya nini, na nadhani "kuoa" haikuwamo katika sababu zao. Kuvuka na pesa bila ruhusa lilikuwa kosa. Lakini kila mtu wa Manyovu alijua duka la Gharibu.

Gharibu aliuza chumvi, sabuni na kaniki. Baba yake alitokea pwani, na yeye mwenyewe aliongea Kiswahili kama mtu anayemwaga mtama, hakuna punje inayokwama. Nyuma ya magunia ya chumvi alikuwa na kisanduku.

"Karibu, bwana asali," akasema. "Leo unatoa pesa au unatoa nyuki?"

Tharsisi akamwaga shilingi zake mezani. Gharibu akaziinua kwa ncha za vidole. "Hizi umezitoa wapi, mzee wangu? Zimelala na kuku?"

"Zilikuwa kwenye chungu cha majivu."

"Nitakupa faranga kumi kwa shilingi."

"Kumi! Wiki iliyopita ulimpa muuza ndimu kumi na mbili."

"Muuza ndimu pesa zake hazikunichafulia meza."

Wakavutana. Tharsisi akaondoka mara moja mpaka mlangoni, Gharibu akamwacha aondoke. Kisha Gharibu akaita, "Njoo basi, usije ukaninyima asali ya Ramadhani," Tharsisi akarudi. Walikubaliana kumi na mbili na kibuyu kidogo cha asali. Gharibu akamhesabia noti tatu za elfu, mpya, ngumu kama majani makavu.

"Sikiliza," akasema, "noti iliyochanika kule hawaipokei. Usizikunje ovyo. Na kizuizini wanapekua."

"Hawatazipata."

"Ziweke kwenye soksi kama binadamu wengine."

"Soksi ndiyo wanayoanza nayo," akasema Tharsisi, na macho yake yakaanza kung'aa kwa namna ninayoijua, nikajua tumekwisha.

Tulipotoka dukani alinipeleka bondeni, mtoni. Akakata tete nene, akatoboa vifundo vyake kwa waya wa moto, akalipuliza mpaka likapiga mluzi. Ulikuwa mrija wa pombe, ule tunaouita muheha, ila mnene kuliko yote niliyowahi kuona. Kwetu mtu mzima akienda ugenini kwa heshima hubeba mrija wake mkononi, kama wengine wanavyobeba fimbo. Hakuna askari anayepekua mrija. Tharsisi akazisokota noti zote tatu pamoja, zikawa kama sigara, akazisukuma kwa kijiti mpaka katikati ya tete.

"Je?" akaniuliza.

Nilichungulia upande mmoja. Giza. "Hazionekani," nikasema, na ilikuwa kweli. "Utazitoa wapi?"

"Tukikaribia kwao. Kwenye migomba. Nitajifanya nimebanwa na haja."

Sikuona kosa. Hata Gharibu angekuwapo asingeliona, maana Gharibu hanywi pombe na hajui mirija inakokwenda.

Kizuizini tulimkuta askari kijana, mgeni katika nchi yetu, aliyekuwa na baridi na njaa. Alipekua kofia. Alipekua viatu vyangu, akajuta. Alimvua Tharsisi soksi, na Tharsisi akanitazama kwa ushindi. Kisha akafika kwenye kibuyu kikubwa cha asali, zawadi ya wakwe.

"Humu ndani kuna nini?"

"Asali ya wakwe, afande."

"Nitajuaje kama ni asali tu? Mtu anaweza kuficha kitu." Akatazama huku na huku akitafuta kijiti. Kisha akanyoosha mkono akauchukua mrija kutoka kwa Tharsisi, akauchovya kibuyuni, akakoroga.

Tharsisi alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Nini?"

"Hakuna, afande. Koroga tu."

Askari akautoa, akailamba ile ncha, akafumba macho. Akauchovya tena. Akalamba tena. Alikuwa ameshika ng'ombe mzima mkononi na pembe zake, mkia wake na harusi ya watu, akimlamba. Mwishowe akautumia kutuonyesha njia: "Haya, piteni, mkaoe salama." Akaurudisha.

Tulitembea mpaka bonde la kwanza. Tharsisi akachungulia ndani ya tete. "Zimo," akasema. "Zimezibwa na asali. Si mbaya. Zimefungwa kama barua."

Sasa nikuambie jambo la kwa wakwe, ambalo sote wawili tulilijua na sote wawili tulilisahau. Mgeni akifika, hashiki kitu mkononi. Hupokelewa. Na sisi tulipokelewa kabla ya migomba, sio baada yake. Wanawake walikuwa wametuona tangu kilima cha mbele. Walitoka na vigelegele, wakapiga makofi ya salamu, "Mwidiwe! Mwidiwe!", sisi tukapiga makofi kujibu, na mtu akipiga makofi hawezi kushika mrija vizuri. Shangazi yake Kezia, Esteri, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akaupokea mrija wa Tharsisi kwa mikono miwili.

"Tazameni mrija wa mkwe wetu!" akawaambia wenzake. "Huyu amekuja kunywa!"

"Shangazi, huo naweza kuubeba mwenyewe..."

"Nyumbani kwetu? Ubebe?"

Akaenda nao mbio mbio. Tulipoingia uani, chungu cha urwagwa, pombe ya ndizi, kilikuwa kimetengwa katikati kikitoa povu, Nsabimana amekaa na wazee wenzake watano. Mrija wa Tharsisi ulikuwa umekwisha kuchomekwa chunguni, mahali pa heshima, mbele ya kigoda chake. Ulisimama pale mnene kati ya mirija ya wenzake kama mwenyekiti.

Tulikaa. Na hapa ndipo mtu wa mbali angeuliza, kwa nini msiseme tu? Hapana, huwezi. Kwanza, kwa wakwe neno la ng'ombe halisemwi kabla ya kunywa. Pili, bwana harusi hasemi kabisa, anasema mshenga, yaani mimi. Na tatu, niseme nini? Kwamba tumetia kwenye chungu cha wazee pesa zilizotoka kwenye majivu, zikapita kwa Gharibu, zikalambwa na askari? Pombe yote ingemwagwa, na sisi tungemwagwa nayo.

Nsabimana akainama akavuta kwanza, kuonyesha kwamba pombe ni salama. Kisha akasema, "Mkwe, karibu."

Tharsisi akainama. Akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Hakuna kilichokuja. Akavuta tena mpaka macho yakamtoka. Kisha akainua uso, akafuta mdomo uliokuwa mkavu, akasema, "Aa. Nzuri."

Wazee wakatazama chungu. Povu halikuwa limetikisika.

"Mkwe anakunywa kama ndege," akasema mmoja.

"Ana heshima," nikasema mimi haraka. "Makere wanavuta polepole. Ni desturi ya kule. Nakumbuka babu yake mmoja..." Nikaanza hadithi ya babu ambaye hakuwahi kuwapo, nikaivuta mpaka kwenye vita vya Wajerumani, huku Tharsisi akivuta tete lake kwa nguvu zake zote na jasho likimshuka shingoni. Nyuki wawili wakaja kwa ajili ya asali ya juu. Wakatua kwenye mrija. Tharsisi akaendelea kunyonya, nyuki mmoja akitembea karibu na pua yake.

Esteri alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Kaka," akamwambia Nsabimana, "mkwe hanywi. Nimemwangalia. Koo lake halipandi wala halishuki."

Wazee wakaiachia mirija yao. Kwetu mtu asiyekunywa pombe ya mwenyeji anasema kitu bila kufungua mdomo. Anasema mmetia sumu.

"Anakunywa," nikasema.

"Koo, nimesema. Nimetazama koo."

Mlango ukasogea kidogo. Nikauona uso wa Kezia. Hakuwa akimtazama baba yake wala mimi. Alikuwa akiutazama mrija, kisha Tharsisi, kisha mrija. Yule aliyeonja maji kwenye asali alikuwa ameanza kuonja kitu.

Mzee mmoja akakohoa, akasema kwamba mtu wa kilima cha pili, yeye hunywa vizuri tu. Tharsisi akanitazama. Alikuwa na macho ya mbuzi aliyefungwa.

Nsabimana akainua mkono. Alikuwa mtu wa amani yule mzee, Mungu amweke pema. "Tusigombane juu ya chungu," akasema. "Labda mkwe ana mashaka, ni mgeni. Nitamwondolea mashaka. Atakunywa kwa mrija wangu, mimi nitakunywa kwa wake. Kama kuna ubaya, utaniua mimi."

"Databukwe, baba mkwe wangu, hapana!" akasema Tharsisi, bwana harusi asiyeruhusiwa kusema. "Wako ni mzuri! Wangu ni mbaya! Ni mnene sana!"

"Kifua changu kimezoea vinene," akasema mpiga baragumu.

Akaushika ule mrija, akawafukuza nyuki, akautia kinywani. Akavuta. Haukuja. Akakunja uso. Akaketi vizuri, akatanua miguu, akavuta pumzi ile ya vilima vitatu.

Kulikuwa na mlio kama wa chura anayeruka dimbwini. Mashavu ya mzee yakajaa ghafla. Akabana meno, macho yakawa makubwa, akaanguka nyuma na kigoda chake, na pombe ikamtoka puani. "Nyoka!" akapiga kelele mzee wa pembeni, akashika fimbo. Esteri akampiga kaka yake mgongoni kwa kiganja, mara moja tu, lakini ilitosha. Kikaruka kitu kirefu cheusi, kikatua kwenye majivu ya moto uliozimika.

Hakuna aliyekisogelea. Kezia ndiye aliyetoka nyuma ya mlango, jambo ambalo mchumba hafanyi, akachuchumaa, akakiokota. Akakifungua taratibu kwa kucha. Noti ya elfu. Akaibandua. Nyingine. Akaibandua. Ya tatu, imekatwa kona.

"Baba," akasema, "una kona ya noti mdomoni."

Nsabimana akachunguza kwa ulimi. "Nimeimeza," akasema.

Basi Tharsisi akapiga magoti, akaeleza yote, askari, soksi, asali, kila kitu. Alimaliza, akangoja kufukuzwa. Yule mzee wa fimbo ndiye aliyeanza kucheka, kisha Esteri, akacheka kwa sauti kubwa kuliko baragumu la kaka yake, mpaka akashika nguzo. Nsabimana alikuwa akivuta ndevu.

"Mkwe," akasema, "mimi nimeombwa binti mara nyingi. Hakuna aliyewahi kunilisha mahari kwa nguvu."

Pombe wakainywa vile vile. Mmoja alisema imekuwa tamu zaidi kwa ile asali.

Lakini mambo hayakuwa yamekwisha, maana Gharibu alisema noti iliyochanika haipokelewi, na Gharibu hakukosea. Tulizianika kwenye ungo, kesho yake tukaenda mnadani sote, Nsabimana mbele, Kezia nyuma na noti amezifunga kwenye ncha ya kanga yake. Mwenye ng'ombe alikuwa mtu mkavu. Alizipokea mbili, akainusa ya tatu.

"Pesa hii imelewa," akasema. "Na kona iko wapi?"

"Iko hapa," akasema Nsabimana, akapapasa tumbo.

"Basi nikienda benki niende na wewe? Siitaki. Leteni nyingine."

Hatukuwa na nyingine. Pembeni, mtu wa kilima cha pili alikuwa amekuja na ng'ombe wake wa miguu minne, amemshika kamba, anatutabasamia. Tharsisi akatazama chini. Mimi nikatafuta babu mwingine wa kusimulia, sikumpata.

Kezia akamzunguka ng'ombe wa yule mwuzaji. Akamshika mkia, akamtazama meno. Kisha akagusa pembe yake ya kushoto, ile iliyovunjika nchani.

"Huyu naye ana kona iliyokatika," akasema.

"Hiyo ni pembe tu. Haimzuii kuzaa."

"Na hiyo ni kona tu. Haizuii kununua. Nirudishie noti, nami nitangaze mnada mzima kwamba unauza vilema kwa bei ya wazima. Au tuseme tumelingana."

Watu walikuwa wamekwisha kusogea. Mtu akacheka, kisha wengi. Mwuzaji akaitazama noti, akaitazama pembe, akamtazama Kezia kama mtu anayepima mvua. Akaitia noti mfukoni. Nsabimana akapokea kamba, na mtu wa kilima cha pili akamgeuza ng'ombe wake akaondoka naye, na sikumwona tena.

Kezia akamgeukia Tharsisi. "Kuanzia leo," akasema, "pesa nashika mimi."

"Utaziweka wapi?"

"Hilo ndilo hutaambiwa."

Miaka mitatu baadaye nilipita Makere na tumbaku yangu. Nyumba haikunuka nta tena, ilinukia mawese. Kulikuwa na mtoto anatambaa. Tharsisi aliniletea chungu na mrija mpya, mwembamba, safi. Nikauinua kwenye mwanga, nikachungulia ndani yake kwa jicho moja mpaka mwisho.

Kezia alikuwa jikoni, hata hakugeuka. "Kunywa, mshenga," akasema. "Ziko kwangu."